Mafiga Yalihama

Wazazi walipofariki niliacha shule, nikawalea wadogo zangu pale Ganze. Mwaka wa ukame, unga wa msaada ulikuja kwa eneo kame peke yake, na mpaka wake ukapita katikati ya ua wetu. Tulilala kwenye ukame. Jiko lilikuwa upande uliosemekana una mvua, ingawa mvua yenyewe hatukuiona.

"Mtu ni wa pale anapopika," chifu wa upande wa ukame aliniambia. "Mafiga yako yako kwa mwenzangu."

Nikaenda kwa huyo mwenzake.

"Wazazi wako wamezikwa upande gani?"

"Ule wa ukame."

"Basi wewe si wangu, mwanangu. Mtu ni wa makaburi yake."

Nilirudi, nikang'oa mafiga ya mama, nikayapanga upya mlangoni petu. Chifu wa kwanza akaja kukagua.

"Hebu pika nione."

"Nipike nini, baba? Unga ndio niliokuomba."

Tukachemsha maji matupu. Alisubiri mpaka yakatokota, akaomba kikombe, akayanywa kwa heshima zote.

"Haya," akasema, akijifuta jasho. "Hapa ni kame."

Jioni tulikula sima.