Chakula cha mgonjwa

Mimi na mke wangu Maryamu tuliafikiana kupunguza unene. Jioni tukala samaki wa kuchemsha, mchicha usiotiwa nazi na kipande cha muhogo. Wiki ya tatu nilikuwa naota wali.

Mfanyakazi mwenzangu akanialika hitima ya marehemu baba yake, kule kijijini Konde. Mke wangu nilimwambia nina kikao Wete. Naye akasema atashinda kwa shangazi yake, nikaona bahati.

Sinia la pilau tulikaa wanaume wanne, na watatu hawakupata kingi. Mimi bado sikutosheka. Nikazunguka uani wanakopika wanawake, nikasimama nje ya pazia kwa adabu. Hitimani mtu hanyimwi chakula cha mgonjwa, hilo nalijua tangu utoto.

"Mama zangu, nifungieni kidogo cha mke wangu. Anaumwa, hata kuinuka hawezi."

Wakanipa pole, wakauliza mgonjwa ni nani. Nikamtaja kwa jina lake na la baba yake, ili waniamini.

Kisha pazia likafunuliwa na Maryamu mwenyewe, upawa mkononi, mafuta ya pilau yakimng'aa mdomoni.

"Mgonjwa keshakula," akasema.