Chaki Mkiani mwa Lenzi

Kwa ubishi mimi sina mpinzani. Niliacha shule darasa la sita, mwalimu akapumua. Lakini binamu yangu, fundi kamera, alinizidi. Miaka ishirini alibishana na mshirika wake wa studio juu ya kitu kimoja: lenzi ya mshirika, ile ya kukunja, unayoivuta nje kupiga picha na kuisukuma ndani ukimaliza. Kwenye kamera ya mshirika mwenyewe ilikaa vizuri. Kamera ya binamu ilikuwa kuukuu zaidi, tumbo lake fupi.

Mshirika alikuwa akimwambia itaingia tu, aache woga. Binamu hakukubali hata kujaribu. Ukiisukuma, alisema, mkia wake utaingia tumboni na kugonga pazia la ndani, lile linalofunguka kuingiza mwanga, na pazia likipasuka kamera haina kazi.

Mwaka huu mshirika akafariki. Mwanawe akaleta lenzi ikiwa ndani ya soksi. Baba aliusia apewe yule mbishi.

Siku nne binamu hakuigusa. Wateja hakuna, watu siku hizi wanajipiga wenyewe kwa simu. Stuli ya marehemu ilikuwa palepale dirishani, mto wake umebonyea. Siku ya tano nikaenda kumchokoza: mzee mzima unaogopa soksi?

Akanuna. Kisha akapaka chaki mkiani mwa lenzi, akaifunga kwenye kamera yake, akaisukuma kidogo kidogo kama anayelaza mtoto. Kabla haijafika mwisho, akahisi kitu, akaacha. Alipoivua, chaki ilikuwa imefutika upande mmoja, upana wa ukucha. Ndani ya kamera, ukingoni kabisa mwa pazia, palikuwa na alama nyeupe.

Nikampigia makofi. "Umeshinda, kaka. Miaka ishirini."

Akaifuta ile alama kwa brashi, taratibu. "Sasa nikamwambie nani?"

Nikasema mimi shahidi. Akasema si mimi niliyebishana naye.

Akazungushia lenzi utepe mara tatu ili isirudi ndani tena. Kamera ikagoma kuenea kwenye mkoba wake, akaivaa shingoni. Nikajitolea kupigwa picha ya kwanza, maana uso kama huu hauokotwi njiani. Nilipotaka kukaa kwenye stuli akanizuia.

"Hapo hapana. Simama pembeni."

Picha ninayo. Stuli imetoka safi, katikati, hadi nyuzi za mto zinahesabika. Mimi niko ukingoni, nimekatwa sikio.