Uji Kwenye Rejeta

Shida ilinianza mwaka 1961, nikiwa na miaka kumi na miwili. Wenzetu wanacheza ngoma za uhuru, sisi tunazika baba. Nikaacha shule darasa la pili, nikabeba samaki wakavu kichwani hadi gulio la Bunda. Hakuna aliyenisaidia. Mume wangu aliponioa alinikuta na biashara yangu, na aliiheshimu.

Miaka ya Ujamaa tulinunua gari la familia kwa mzungu aliyekuwa anarudi kwao. Lilikuwa karibu jipya, viti bado vinanukia upya. Mimi nililitaka kwa sababu ya mama. Mama alizaliwa kando ya ziwa, akaolewa Butiama, na tangu hapo ziwa alikuwaga analisikia kwa wauza samaki tu. Sasa macho yake yalikuwa yanaingia ukungu. Akaniambia, "Nipeleke Musoma nikayaone maji kabla giza halijanikuta."

Hatukufika mbali. Nje kidogo ya Butiama rejeta ikaanza kuvuja, maji ya kijani yanachora mstari barabarani. Mume wangu akafungua boneti, akasema gari jipya namna hii halina sababu ya kuvuja.

"Upya ndiyo sababu," mama akajibu kutoka kiti cha nyuma. "Chungu kipya kinanyweshwa uji kwanza. Hili hamkulinywesha?"

Kwetu ndivyo tunavyofanya: chungu kikitoka kwa mfinyanzi kinachemshiwa uji, vitundu vizibe. Na mama alikuwa na kibuyu cha uji wa mtama miguuni.

Mume wangu hakumgeukia. Mama mkwe hatazamwi usoni, wala habishiwi. Akaniambia mimi, "Mwambie mama hiki si chungu."

"Mama, anasema si chungu."

"Nimemsikia, sijawa kiziwi. Muulize, humo ndani hayachemki maji?"

Nilicheka mpaka nikashikilia mlango. Mume wangu angekataaje? Akangoja ipoe, akamimina uji wote.

Ukaziba! Mama akaimba nyimbo za kwao, za wavuvi. Lakini kabla hatujaifikia barabara kubwa uji ukaganda ndani, injini ikachemka, ikagonga, ikazima.

"Tumefika?" mama akauliza.

Tulimrudisha kwa mkokoteni wa ng'ombe. Mume wangu akazunguka Bunda, Musoma, hadi Mwanza, akitafuta vipuri. Jibu lilikuwa moja: hakuna. Na hata siku moja hakumlaumu mama. Vipuri vilipopatikana hatimaye na gari likapona, mama alikuwa haoni kabisa.

Tukampeleka hivyohivyo. Alivua viatu akaingia ziwani mpaka magotini, nimemshika mkono.

"Bado yanavuta mchanga chini ya nyayo," akasema. "Haya, niambie kuna nini."

Nikamwambia: mitumbwi, ndege weupe, yale mawe makubwa.

"Sema tena."

Nikasema tena. Mpaka leo nikikaa peke yangu navitaja kwa sauti, mitumbwi, ndege, mawe, na hakuna wa kuniambia sema tena. Mama hayupo. Mume wangu naye hayupo.

Nina nyumba Kamunyonge, hapa Musoma, madirisha yake yanatazama ziwa. Nina mashine ya kusaga, fremu mbili za duka na ng'ombe tisa Bunda. Nina gari, rejeta yake nzima. Na kile kibuyu.