Pua ya Shangazi

Shangazi yangu, Mungu amlaze pema, hakuinamia kitu ili akinuse. Alisimamia klabu ya sayansi baada ya masomo, na huko maabara chupa hushikwa mbali na uso, harufu ikapepewa kwa kiganja, ije puani taratibu kama mgeni mwenye adabu. Nyumbani hakubadilika. Baba akiwekewa bakuli, dada yake anapepea.

"Dada, hiyo ni supu, si sumu!"

"Umepima?"

Kanisani alimpepea hata mtoto wa kubatizwa, akamrudisha kwa mama yake: "Abadilishwe kwanza."

Siku moja nilimpelekea chakula maabara, nikamkuta msichana amekaa mlangoni akimsubiri dada yake aliyekuwa ndani na klabu. "Mimi sayansi siiwezi, Mwalimu. Naiacha." Shangazi hakumbembeleza. Alimsogezea chupa ya siki.

"Pua unayo?"

"Ninayo."

"Basi kazi unayo. Pepea."

Akapepea, akapiga chafya, akaomba chupa nyingine.

Shangazi alipolazwa, kila tulipomtembelea alituuliza, "Yule wa mlangoni bado yupo klabuni?" Hatukujua.

Siku ya mazishi wanafunzi wa klabu walipewa maua ya kuweka kaburini. Wa kwanza alishika ua lake mbali na uso, akalipepea kwa kiganja. Wote nyuma yake wakapepea.

"Baba," nikanong'ona, "huyo wa mbele ndiye wa mlangoni."

Baba hakuwa amesema neno tangu msiba. Alicheka huku machozi yakimtiririka, akainama kaburini.

"Dada, yupo."