Meza ya Marehemu Ilivyopigwa Msasa

Saa mbili asubuhi, mtaa wa Attarin, Aleksandria. Mvua ya baridi inanyesha tangu juzi na mbao zimevimba. Usta Dawlat Zaghlul, fundi mwanamke wa samani, amepiga magoti mbele ya kabati kuukuu. Kitambaa chake kimelowa lakiri iliyoyeyushwa kwa spiriti, naye anakizungusha taratibu, kama anayemwogesha mtoto mchanga.

Mwenye kabati, muuza samaki, anachungulia mlangoni.

"Usta, huo mkwaruzo hautoki?"

"Unatoka. Hata pua yako ikibidi inatoka. Lakini kuutoa kwa nini?"

Mteja anacheka na kwenda zake.

Dawlat, mwenye umri wa miaka 58, alirithi karakana hii baba yake alipopooza mkono. Siku njema humpa paundi mia nne. Zipo wiki zisizo na siku njema hata moja. Vidole vyake vimepasuka kwa spiriti.

"Kazi yangu ni kukitibu kitu, siyo kukifuta," anasema. "Mguu ukivunjika naunga. Wadudu wakiingia nawaua. Lakini pale mtu alipoweka mkono miaka arobaini, sigusi."

Majira ya baridi yaliyopita aliletewa meza ya kuandikia ya Hajati Inshirah, mjane wa Mwalimu Shafiq. Ukingo wake ulikuwa umelika kwa kiwiko cha mwalimu, na juu yake palikuwa na duara jeusi lililounguzwa na birika la kahawa. Dawlat aliishughulikia miezi mitano, akaimarisha kila kiungo, alama zote akaziacha.

Hajati amepoteza kumbukumbu. Majina ya wanawe hayajui tena. Lakini kila asubuhi aliketi pale, akaweka kiganja kwenye ukingo ulioliwa na kusema, "Amekwenda shule. Saa nane atarudi."

Sikukuu ilipofika, Dawlat alikwenda kumpa mkono wa Idi. Aliikuta meza inang'aa kama sahani, kingo zimenyooka.

"Nani kaifanya hivi?" aliuliza.

"Zawadi yangu kwa mama," alijibu Raouf, mwana wa Hajati. "Wageni walidhani tumeiokota, Usta. Nimepata fundi wa vanishi, siku mbili tu kaimaliza."

Hajati alikuwa jikoni, kwenye kigoda. Alimvuta Dawlat sikio na kumnong'oneza, "Wameleta meza ya watu. Wenyewe wakija, waambie si mimi niliyeichukua."

"Nilishindwa kula kaki za watu, zile biskuti za Idi," Dawlat anasimulia. "Nikatoka bila kuaga."

Mwezi mmoja baadaye Raouf alikuja karakana, akasimama mlangoni.

"Mama hakai tena pale, shangazi. Anashinda jikoni. Nirudishie zile alama."

Kwa miaka thelathini wafanyabiashara wamemwomba Dawlat azeeshe viti vipya ili wawauzie watalii, naye amewafukuza wote. Safari hii alikubali. Alikwangua vanishi, akaumega ukingo kwa patasi na kuulainisha kwa kiganja siku kumi na moja. Akaunguza duara kwa birika la moto.

"Ukingo ule ungemdanganya mtu yeyote," anasema. "Hata mimi mwenyewe."

Meza ikarudishwa nyumbani, Hajati akaletwa mbele yake. Akaweka kiganja pale, akakisogeza huku na huku, akakitoa.

"Huyu si yeye," alisema, akarudi jikoni.

Raouf alilia mbele ya mafundi wa bomba waliokuwa wakizibua sinki. Dawlat hakumbembeleza. "Nilitaka kumwambia haya si makosa, mwanangu. Ulimi ukagoma. Kwa sababu ni makosa. Na langu limo humohumo, nilimfanyia uongo mwanamke asiyeweza kunishtaki."

Tangu siku hiyo hachukui kazi kwa mtoto wa mwenye kitu. Mwenyewe aje, au abebwe.

Mpango wake wa Ijumaa hii hajamwambia Raouf. Mafundi wa vanishi hupaka kinachoonekana tu, anasema. Ndani ya mtoto wa meza, ile droo yake, hakuna anayepiga msasa. Huko mwalimu alikuwa akipangusia kalamu yake, na mbao zimelewa wino.

"Nitamvuta yule mtoto wa meza, nimpelekee Hajati jikoni alipo," anasema Dawlat. "Atie mkono, anuse. Akimjua mumewe, mtoto huyo wa meza atakaa mapajani mwake hadi siku yake. Asipomjua, basi nitajua tumemuua mwalimu mara ya pili, na mmoja wa waliomuua ni mimi."