Ubani wa Kiwanda

Nakumbuka asubuhi moja kule Tanga, mwanangu Idrisa, kaka yangu Salumu aliponikuta nafunga viatu niende darasani. Hakunisalimu. Aliniuliza tu, "Athumani, na wewe unakwenda kupokea ubani?"

Nakueleza haya kwa sababu jana, baada ya swala ya Ijumaa, nilikusikia hapa ughaibuni, chumbani kwetu Al Wukair, ukizungumza kwenye simu na mdogo wako Musa. Kiwanda chao cha viatu kimesimama kwa sababu ya viatu vya bei rahisi kutoka nje, na wewe ukamwambia, "Usiende huko kwenye mafunzo ya serikali. Ukienda, utakuwa umekubali kuwa kiwanda kimekufa." Sikukuzaa, na sikutaka kukukatiza mbele ya wenzetu. Lakini maneno hayo niliyasikia ujanani, na najua yalimfikisha wapi mtu.

Mimi na Salumu tulifanya kazi kiwanda cha nguo. Yeye alikuwa fundi wa mitambo, hodari kweli; akiusikia mtambo unavyolia, alijua kilicholegea. Kisha zikaja kanga kutoka nje. Zilikuwa nyepesi na rangi zilichuja, lakini bei yake kila mama aliimudu. Hata mama yetu alinunua, akazificha tusizione. Ghala letu likajaa, mitambo ikazimwa, tukaambiwa tupumzike mpaka tutakapoitwa.

Serikali ikaleta msaada: posho kidogo ya kujikimu, na nafasi ya kujifunza umeme, ushonaji au udereva. Hapo wenzetu wakateleza. Kwetu, ubani ni pesa wanayopewa wafiwa, na hakuna anayeupokea mgonjwa wake angali hai. Basi posho ile wakaiita ubani. Jirani yetu Rajabu alipojiandikisha, walimpigia kelele getini: "Rajabu, umezika lini? Mbona hukutuita matangani?" Watu wakacheka, na kicheko kile kikawazuia wengi.

Salumu alikwenda getini kila asubuhi, ovaroli yake imefuliwa na kupigwa pasi. Shehe Mbwana, aliyetusomesha Kurani, akamfuata palepale.

"Salumu, unangoja nini?"

"Naungoja mtambo wangu, shehe. Mgonjwa bado anapumua."

"Na watoto wako je? Wao hawapumui?"

Shehe akashusha sauti. "Riziki ni ya Mwenyezi Mungu, si ya geti hili. Unasema una subira. Mimi naona ni ukaidi, umeuvisha kanzu ya subira."

Salumu aliinamisha kichwa, lakini hakuondoka.

Mimi nilikwenda. Nisikudanganye, msaada ule haukuwa mkubwa. Posho ilichelewa, gari la kujifunzia lilikuwa likizimika njiani, na wengine walimaliza mafunzo wakakosa kazi vilevile. Rajabu mwenyewe alihangaika sana. Lakini mimi nilitoka najua kuendesha, na kwa udereva huo, alhamdulillahi, nimelisha nyumba mpaka leo.

Siku malori yalipokuja kuibeba mitambo kama chuma chakavu, Salumu alisimama akitazama ikikatwa kwa moto. Kesho yake akaenda kuomba nafasi. Karani hakuwa mtu mbaya. Alimwambia, "Kaka yangu, madarasa yamefungwa. Fungu lenyewe limekwisha." Salumu akaingia bandarini kubeba magunia, yeye ambaye hakuruhusu mtu aguse spana zake. Mgongo ukamshinda. Mkewe akachukua watoto akarudi kwao. Salumu akabaki katika chumba cha kupanga, akawa mtu wa kuitikia salamu tu.

Miaka ikapita, nikaja huku. Nilikuwa naegesha gari la tajiri wangu kule mtaa wa Pearl waliponipigia kutoka nyumbani kuniambia Salumu ametutoka. Nikashusha mizigo ya watu mpaka ikaisha, ndipo nikarudi ndani ya gari nikalia.

Sikusimulii ili umwone mjinga. Alikipenda kiwanda chake, na kufungwa kwake hakukuwa kosa lake. Kama msaada wa huko kwenu ni mdogo, dai uongezwe, mna haki. Lakini mtu hudai akiwa ndani ya darasa pia.

Mwanangu, msaada wa mtu aliyepokonywa kazi na bidhaa za nje si sadaka, wala si aibu. Ni haki yake, ameitolea jasho miaka yote. Kuupokea hakukizuii kiwanda kufunguliwa. Kikifunguliwa, Musa atarudi na ufundi wa pili mkononi. Kisipofunguliwa, hatakuwa amesimama barabarani. Wala usijidanganye kwamba mshahara wako wa ulinzi utawatosha nyie wawili maisha yote; hapa sote ni wageni, mkataba ukiisha tunafungasha.

Kubwa zaidi ni hili: neno la kaka ni zito. Mimi nilimkaidi wa kwangu asubuhi ile, nikafunga viatu nikaenda, na mpaka leo naona uchungu wake. Musa anakuheshimu kuliko nilivyomheshimu Salumu. Hatakukaidi. Ukimwambia akae, atakaa. Basi kabla hujapanda basi kwenda zamuni Al Sadd, mpigie. Mwambie, "Nilikosea, mdogo wangu. Nenda kesho."

Mwenyezi Mungu amrehemu Salumu, amfungulie Musa riziki ya halali, na autie ulimi wako hekima kabla simu haijaita. Amin.