Mizani Iliyomjua Mama

Nichekeni tu, mimi mwenyewe nimeshaanza.

Niliandika programu ya simu inayosoma mizani ya majani chai. Kabla ya kuichapisha, kompyuta ya mbali huijaribu yenyewe, na kila jaribio lilirudi jekundu: mizani haipatikani. Ingepatikanaje, mizani iko Gesima na kompyuta iko ng'ambo? Badala ya kuiruka hatua hiyo, mimi mjanja nikaiagiza programu: ukikosa mizani, jibu kilo kumi na nane. Ndizo Mama anazochuma kila asubuhi. Alama zote zikawa kijani, nikachapisha huku nikipiga mluzi.

Siku ya kwanza nilifika kituo cha chai Gesima nimefunga tai. Mzee wa kwanza akapima: kumi na nane. Jirani yake: kumi na nane. Karani, Nyaboke, akanikazia macho.

"Injinia, hawa wote wamechuma sawa?"

"Msimu huu majani yamelingana," nikajibu kitaalamu. Waya wa mizani ulikuwa unaning'inia, haujachomekwa popote. Niliuona, nikadhani ni wa chaja.

Zamu ya Mama ikafika. Nikamshika bega, nikaisomea foleni nzima: "Mama yangu, kilo kumi na nane!" Kisha nikamgeukia Nyaboke. "Umeona? Haikosei hata kidogo."

Mama akanitazama kwa huruma, kama anavyotazamwa mtu anayeombewa kanisani.

"Mwanangu," akasema, "kikapu bado kiko mgongoni."